Petroli inapaa na kodi juu yake: nibaki na gari langu, nifunge gesi, dizeli, haibridi au umeme? Tulinganishe

Mwendo_Mrefu (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Naleta hii ishu humu maana naona wengi tunaumia kimyakimya. Bei ya mafuta ikipanda ushauri wa kwanza unaopewa ni "punguza safari", sasa safari zenyewe ndo hizi hizi, kazini, kupeleka watoto shule, kumwona mgonjwa, kufuata mzigo, hamna hata moja ya starehe ya kupunguza. Na kila ikitangazwa bei mpya unakuta ndani yake kuna kodi au tozo imeongezwa juu ya bei ambayo tayari imeshapanda.

Gari langu ni la petroli, la zamani kidogo, injini ya lita 2, linakula kama lita 11 kwa kilomita 100. Natembea kama kilomita 1,500 kwa mwezi, nusu foleni nusu barabara kuu. Nimefika mahali hela ya wese inashindana na pango la nyumba.

Machaguo niliyoyaona ni kubaki na gari hili nibadilishe uendeshaji tu, kulifunga gesi, kuuza ninunue la dizeli, kuhamia haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja) iliyotumika, au nijikaze niingie kwenye umeme moja kwa moja. Kila nikimuuliza mtu ananisifia lile analoendesha yeye. Naomba tulinganishe kwa uhakika, na kwa kuwa humu tumetoka kila kona tusitajiane bei za huko tuliko, tuongee lita na kilomita ili kila mtu aingize namba zake mwenyewe.

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu umeanza vizuri. Ngoja nikupe njia ninayotumia mimi, pima kila kitu kwa lita za petroli, hata gharama ya kufunga gesi au tofauti ya bei ya gari, igawe kwa bei ya lita ya leo upate "hii kitu ni sawa na lita ngapi". Ukifanya hivyo huchanganywi na sarafu wala na bei kubadilika kila mwezi.

Gari lako, lita 11 kwa kilomita 100, kilomita 1,500, hiyo ni lita 165 kwa mwezi. Hapo ndo pa kuanzia.

Haibridi ya kawaida ya saizi ya kati inakula kama lita 5, yaani lita 75 kwa mwezi. Unaokoa 90. Sasa chukua tofauti ya kuuza lako na kununua haibridi, igeuze lita. Ikija lita 3,000 inakuchukua karibu miezi 33 kurudisha. Ikija lita 6,000 ni miaka mitano na nusu, na hapo kuna betri katikati inaweza kukusumbua.

Kubadilisha uendeshaji tu, tuseme unashuka kutoka 11 mpaka 9.5, unaokoa lita 22 na kitu kwa mwezi na hujatoa hata senti. Watu wanalidharau hili chaguo kwa sababu halina kitu kipya cha kuonyesha.

Ila swali lako kubwa kwangu siyo gari gani, ni kilomita ngapi. Anayetembea kilomita 400 kwa mwezi hata apewe haibridi nzuri kiasi gani tofauti ya bei hairudi. Anayetembea 4,000, kila mwezi anaochelewa kuhama anapoteza hela nyingi sana.

---

Fundi_Gesi

Nafunga mifumo ya gesi kwa hiyo najua nitaonekana navutia kwangu, lakini nitasema yote mazuri na mabaya.

Kwanza watu wanachanganya gesi mbili. Kuna LPG, ile ya propani na butani, inakaa kama kimiminika kwenye mtungi, inauzwa kwa lita. Kuna CNG, gesi asilia iliyoshindiliwa kwa presha kubwa, kama bar 200, inauzwa kwa kilo. Ni vitu tofauti kabisa, mitungi tofauti, vituo tofauti.

LPG kwa kila lita ina nguvu pungufu kuliko petroli, kwa hiyo gari linalokula lita 11 za petroli litakula kama 13 na nusu mpaka 14 za LPG. Maana yake ni kwamba lita ya LPG isipokuwa chini ya asilimia 80 hivi ya bei ya petroli huna faida yoyote, na ikiwa nusu bei ndo unaona raha yenyewe. Kwa namba za mtoa mada, ikiwa nusu bei atatumia hela sawa na lita 103 badala ya 165, anaokoa 62. Kama kufunga kunagharimu sawa na lita 600 basi miezi kumi hivi imerudi.

CNG, kilo moja ina nguvu sawa na kama lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo ukilinganisha bei ya kilo na bei ya lita bila kukumbuka hilo unajidanganya, safari hii kwa upande wa kuidharau gesi.

Mabaya sasa. Mtungi unakula buti, na wa CNG ni mzito. Gari linawaka kwa petroli kwanza mpaka injini ipate moto ndo linahamia gesi, kwa hiyo mtu wa safari fupifupi za dakika kumi kila siku bado anachoma petroli nyingi tu, huyo simshauri. Kuna injini viti vya vali vyake ni laini, gesi inavimaliza mapema, muulize fundi aliyeshafunga injini ya aina yako, siyo aliyesikia. Plagi zitataka kubadilishwa mapema zaidi. Na mtungi una tarehe ya kupimwa upya, hiyo siyo mapambo, ikipita usipuuze, presha ya bar 200 siyo ya kuchezea. Usifunge kwa mtu asiye na kibali hata akikupunguzia bei nusu.

Na jambo la mwisho ambalo wateja wengi hawalifikirii mpaka liwakute, vituo. Hesabu zote hizi ni bure kama kituo cha karibu kiko mbali au foleni yake ni saa nzima.

---

Msoma_Bajeti

Naomba niingie upande wa kodi maana kichwa cha mada kimeitaja na naona wote tunaikimbilia hesabu ya gari tu.

Bei ya kwenye pampu ina vipande vinne, mafuta ghafi, kusafisha, usafirishaji pamoja na faida ya wauzaji, halafu kodi. Ukiongeza na dola, kwa sababu mafuta ghafi yanauzwa kwa dola, sarafu yako ikishuka unalipa zaidi hata kama bei ya pipa haijasogea.

Sasa kodi zenyewe ziko za aina mbili na zinakuumiza tofauti. Kuna ya kiasi maalum kwa kila lita, haibadiliki bei ikipanda au ikishuka. Kuna ya asilimia, inapanda pamoja na bei.

Chukua mfano, lita ni 100, mafuta yenyewe 60 na kodi 40. Bei ya dunia inapanda, ile 60 inakuwa 90. Kama kodi ni ya kiasi maalum unalipa 130. Kama kodi yote ilikuwa ya asilimia, ile 40 inakuwa 60, unalipa 150, na hakuna mtu aliyesimama popote kutangaza kwamba kodi imepanda. Na nchi yenye kodi ndogo, tuseme 15 kati ya 100, mafuta 85 yanaruka mpaka 127.5, jumla 142.5. Kwa hiyo walio na kodi ndogo bei yao ni ya chini siku za kawaida lakini ikitikisika dunia wao wanarushwa zaidi kwa asilimia. Ndo maana Marekani mwaka 2022 watu walishtuka vile, Juni ya mwaka ule wastani wa galoni ulipita dola 5 kwa mara ya kwanza, wakati kodi ya serikali kuu kule ni senti 18.4 kwa galoni na haijapandishwa tangu 1993.

Nchi nyingi zinachanganya zote mbili. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya VAT inapigwa juu ya bei ambayo ndani yake tayari kuna ushuru wa mafuta, yaani unalipa kodi ya kodi.

Nachotaka kusema ni kwamba usiseme tu "kodi inaniua" kabla hujajua ni kipande gani kimepanda, maana kama ni pipa limepanda utulie utafute gari linalokula kidogo, kama ni kodi ya petroli peke yake ndo labda kuhama aina ya mafuta kuna maana. Na hata hapo kwa tahadhari, nitarudi kuelezea.

---

Dereva_Abiria

Nyie mnaongea hesabu, mimi naongea maisha. Nabeba abiria ndo kazi yangu. Mafuta yakipanda Jumatano, nauli haipandi Jumatano. Abiria amezoea bei yake, ukiongeza anapanda gari la mwenzako ambaye amekubali kula hasara leo ili apate chochote. Kwa hiyo kile kipande chote kilichoongezeka kinatoka kwenye chakula cha nyumbani kwangu mpaka siku nauli zikija kurekebishwa, na zikirekebishwa mafuta yanaweza kuwa yamepanda tena.

Bei ikishuka kwenye soko la dunia sisi tunaiona baadaye sana. Wachumi wenyewe wameliandika hilo miaka na miaka, kwamba bei ya pampu inapanda kama roketi na kushuka kama unyoya. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, hasi dola 37 kwa pipa, ni nani humu aliyejaza tanki bure siku ile? Hakuna.

Mimi nilifunga gesi na sijutii, kwa sababu natembea kutwa injini ina moto muda wote. Lakini simwambii kila mtu afunge. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi, sikiliza aliyokwambia fundi hapo juu.

---

NjiaYaVumbi

Naunga mkono Dereva_Abiria, na niongeze sisi tunaokaa mbali na miji. Huku hamna basi la kubadilishia, hamna kituo cha gesi, chaja ya barabarani ndo usiulize. Bei ikipanda mtu wa mjini anaweza kuliacha gari akapanda basi au treni akanung'unika tu njiani. Sisi tunalipa au tunakaa nyumbani. Na watu wa kipato kidogo ndo wanakaa mbali zaidi kwa sababu pango la huku ni nafuu, ndo wana magari ya zamani yanayokula zaidi, halafu kodi ya lita ni ileile kwa wote. Anayeendesha gari jipya la umeme halipi hata hiyo.

Mnakumbuka Ufaransa Novemba 2018, wale wa vizibao vya njano? Walioanza siyo watu wa katikati ya Paris, ni wa miji midogo na vijijini wanaotegemea gari kwa kila kitu. Serikali ya Macron ilikuwa imepanga kuongeza kodi ya mafuta Januari 2019, Desemba wakaiondoa.

Kwa mazingira yangu chaguo ni mawili tu, kubaki na gari nililonalo nilitunze vizuri, au gari dogo linalokula kidogo. Naomba wachangiaji msiusahau huu upande.

---

Mwendo_Mrefu

Asanteni sana wakuu, hii ndo niliyokuwa naitafuta. NjiaYaVumbi pole, na nakuelewa dada yangu, wazazi wangu wako mazingira hayohayo.

Dizeli mbona hamna aliyeigusa? Jirani yangu anaapa kwamba dizeli ndo mwisho wa matatizo.

---

Gia_Sita

Nimeendesha dizeli maisha yangu yote karibu. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi kuliko ya petroli, kama asilimia 10 mpaka 15, na injini yenyewe inaitumia vizuri zaidi, kwa hiyo kwa barabara ndefu na mzigo mzito bado naipenda.

Lakini jirani yako amebaki zamani. Dizeli ya kisasa ina chujio la moshi kwenye egzosi, linahitaji injini ipate moto na mwendo mrefu ili lichome masizi yake. Ukikaa foleni tu na safari za kwenda sokoni linaziba, na kulibadilisha ni hela ya kukukausha. Nozeli zake zinataka mafuta safi, ukijaza mahali wanachanganya mafuta imekula kwako.

Na bei, watu walizoea dizeli ni rahisi kuliko petroli kwa sababu nchi nyingi zilikuwa zinaitoza kodi ndogo ili malori yasipandishe bei za bidhaa. Ule unafuu ulikuwa wa kodi. 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi nyingi dizeli ikawa ghali kuliko petroli, maana Ulaya ilikuwa inanunua dizeli nyingi kutoka Urusi na kila mtu akaanza kugombea ileile iliyobaki sokoni. Walionunua dizeli kwa ajili ya bei ya pampu wakabaki wanashangaa.

Kilomita 1,500 nusu foleni? Hapana mkuu, siyo gari lako.

---

Msoma_Bajeti

Gia_Sita amenisaidia kufika nilikotaka. Unafuu wowote unaotokana na kodi ni wa serikali, na serikali inaweza kuuchukua. Mafuta yenyewe kuwa na kazi zaidi kwa kila lita, huo ni wa kwako, hakuna anayekuja kuubadilisha kwenye bajeti.

Angalieni New Zealand, dizeli kule haina ile kodi ya kwenye pampu, mwenye gari la dizeli ananunua kibali cha kilomita, analipa kwa umbali. Magari ya umeme yalikuwa yamesamehewa, kuanzia Aprili 2024 nayo yakaingizwa kwenye malipo yaleyale. Iceland nao Januari 2024 wakaanza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita. Oregon kule Marekani ndo jimbo la kwanza kuweka kodi ya petroli, mwaka 1919, na ndo hilohilo lililoanzisha mpango wa hiari wa kulipa kwa maili 2015. Wanaona petroli inauzwa kidogo zaidi kila mwaka kwa kila gari na barabara zinaharibika vilevile.

Kwa hiyo gesi ikiwa nusu bei leo kwa sababu haijatozwa, piga hesabu yako ukijiuliza je ikitozwa kesho bado nitakuwa nimerudisha hela ya kufunga? Kama inarudi ndani ya mwaka, funga bila wasiwasi. Kama inarudi baada ya miaka minne, hapo unacheza kamari na bajeti nne ambazo hujazisoma.

---

Umeme_Tupu

Ninaendesha umeme na naona umetajwa kama vile ni wa matajiri wanaokwepa kodi. Niseme ukweli wangu.

Gari la umeme la kawaida linakula unit 15 mpaka 20 kwa kilomita 100, na unapochaji kuna zinazopotea njiani, weka asilimia 10 juu. Kwa kilomita 1,500 za mtoa mada ukichukua 17 inakuja 255, na upotevu tuseme 280 kwa mwezi. Linganisha 280 mara bei ya unit yako na 165 mara bei ya lita yako. Yaani kama lita moja inazidi bei ya unit mbili hivi, kwenye nishati umeme umeshashinda gari lake la sasa. Sehemu nyingi inazidi mbali.

Lakini namba hiyo ni ya kuchaji nyumbani. Chaja za haraka za barabarani zinaweza kuuza unit kwa bei mara mbili au tatu ya nyumbani na hapo ule ushindi unayeyuka. Kwa hiyo kabla ya kuangalia gari angalia unapolala, una sehemu ya kupaki yenye soketi yako mwenyewe au unaishi ghorofani gari liko mtaani? Hilo swali ndo linaamua kila kitu, watu wanaulizia kilomita za betri wanasahau kuuliza la soketi. Umeme wa kwako unakatika mara ngapi nalo ni swali halali kabisa, siyo la kuaibikia.

Kuhusu kodi nakubali kabisa, siku moja tutalipa kwa kilomita na ni haki tulipe, barabara natumia. Hata nikilipa bado sina oili ya kubadilisha, na breki zinadumu kwa sababu mota inalipunguza gari mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri.

---

Hesabu_Kwanza

Umeme_Tupu hesabu yako iko sawa, naomba niongeze jambo moja. Umelinganisha umeme na gari lake la sasa la lita 165. Linganisha na haibridi ya lita 75. Hapo lita moja inatakiwa izidi bei ya unit karibu 4 ndo umeme ushinde kwenye nishati. Watu wengi wanapigiwa hesabu ya umeme dhidi ya gari chakavu kabisa ndo maana inaonekana nzuri vile.

Kitu kingine kinachotupotosha sana ni hizi "kilomita kwa lita". Jamaa wawili, wa kwanza katoka gari la kilomita 6 kwa lita kaenda la 8. Wa pili katoka la 16 kaenda la 24. Nani kaokoa zaidi? Wengi watasema wa pili, 8 nzima dhidi ya 2. Piga kwa kilomita 100. Wa kwanza katoka lita 16.7 mpaka 12.5, kaokoa 4.2. Wa pili katoka 6.25 mpaka 4.17, kaokoa lita 2 na kidogo tu. Kwa hiyo kama nyumbani mna magari mawili, moja kubwa linalokula na dogo, hela iko kwenye kulibadilisha lile kubwa, au kugawana safari upya ili dogo ndo litembee zaidi. Kugawana safari ni bure.

---

Barabara_Zetu

Nitasema lisilopendwa. Kodi ya mafuta siyo wizi yenyewe kama yenyewe. Anayetembea zaidi na mwenye gari zito analipa zaidi, na hela inatakiwa iende barabarani. Ukiiondoa, ile hela inatafutwa kwenye mishahara au kwenye bidhaa, na hata asiye na gari atailipa.

Ujerumani Juni mpaka Agosti 2022 walipunguza kodi ya mafuta kwa miezi mitatu, na sehemu kubwa ya punguzo kweli ilimfikia dereva. Sasa aliyepata zaidi ni nani? Mwenye gari linalokula lita 14, siyo mwenye baiskeli wala mwenye kigari kidogo. Wakati huohuo waliweka tiketi ya mwezi ya euro 9 kwa usafiri wa umma wa ndani na wa mikoa, hiyo mimi naiona ilimgusa mtu wa chini moja kwa moja zaidi.

---

NjiaYaVumbi

Barabara_Zetu nakuheshimu lakini tiketi ya euro 9 inamsaidia nini mtu ambaye basi halifiki kwake? Nipe basi kwanza ndo uniambie kodi ni haki. Na hiyo "hela inatakiwa iende barabarani" ndo penyewe. Waonyeshe imeenda barabara gani, watu watalipa na kelele zitapungua. Mimi napita kwenye mashimo yaleyale nikiwa nimelipia kila lita, na shimo nalo linanikulia mafuta, unapunguza gia, unasimama, unaanza upya.

---

Barabara_Zetu

Hapo kwenye mashimo na basi sina cha kukupinga dada. Kodi isiyoonekana inakoenda haiteteeki.

---

Tairi_na_Upepo

Mmeruka chaguo la kwanza la mtoa mada, kubaki na gari. Mi naona ndo aanzie hapo kabla hajauza kitu.

Spidi kwanza. Upepo unaolisukuma gari nyuma unaongezeka kwa mraba wa mwendo, ukitoka 90 kwenda 120 upinzani wa hewa unakaribia kuwa mara 1.8. Kwa magari mengi ukishapita 80 hivi ulaji unapanda haraka. Wamarekani baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973 waliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima mwaka uliofuata kwa sababu hiyohiyo. Mtu wa barabara kuu hapa ndo pana hela nyingi zaidi kuliko kifaa chochote cha kufunga.

Mjini ni mguu. Kukanyaga kwa nguvu halafu breki halafu kukanyaga, Wizara ya Nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa hasira unaweza kushusha ufanisi asilimia 10 mpaka 40 kwenye foleni za simama-nenda. Angalia mbele, ukiona taa nyekundu achia mafuta mapema, injini ya sindano (inayopuliziwa mafuta kwa nozeli) ukiachia ukiwa kwenye gia inakata mafuta kabisa, kwa hiyo kuweka nyutro kwenye mteremko hakukuokolei kitu na ni hatari.

Upepo wa tairi, kama zote zimepungua psi 5 umepoteza asilimia 1 hivi ya mafuta, siyo nyingi lakini tairi nazo zinaisha mapema na hizo ni hela pia. Keria ya juu ishushe kama huitumii. Kuacha gari linanguruma limesimama kunaweza kula lita moja mpaka mbili kwa saa kutegemea injini na kiyoyozi.

Na achana na petroli ya okteni ya juu kama kitabu cha gari hakijaitaka, haikupi nguvu wala umbali, unalipa zaidi na kodi ya asilimia inapanda nayo. Vidonge na vimiminika vya "kuokoa mafuta" nalo jibu ni hilohilo, hapana.

---

Mwendo_Mrefu

Nimesoma yote, na nimekaa na kalamu.

Dizeli nimeifuta. Umeme nimeuweka pembeni kwa sasa, napaki nje mtaani, sina soketi, Umeme_Tupu umeniokoa hapo maana nilikuwa naangalia kilomita za betri tu. Gesi inanivuta lakini nusu ya mwendo wangu ni safari fupi za asubuhi injini ikiwa baridi, na unafuu wake kwangu mwingi ni wa kodi, kwa hiyo naogopa alichosema Msoma_Bajeti. Naona nianze na aliyosema Tairi_na_Upepo nijaze fulu tanki nipime upya kwa miezi michache, nikishuka mpaka 9.5 ina maana haibridi itakuwa inaniokolea 67 badala ya 90 kwa mwezi na hesabu ya kurudisha inabadilika. Ikibaki inalipa nitatafuta haibridi iliyotumika.

Hapo ndo nina hofu. Nitajuaje betri yake haijachoka?

---

Hesabu_Kwanza

Umepiga vizuri sana mkuu, wengi wanalinganisha gari jipya likiendeshwa vizuri na la zamani likiendeshwa vibaya. Foleni yako inakusaidia kwenye haibridi, pale ndo inapookoa zaidi, barabara kuu kwa mwendo wa kasi tofauti inapungua.

---

Fundi_Gesi

Betri ya haibridi usiangalie kilomita za dashibodi tu, zinarudishwa nyuma. Nenda na fundi mwenye mashine ya kupimia, asome volti za kila kundi la seli gari likiwa linatembea, siyo limesimama. Zikiwa zinakaribiana ni nzuri, kukiwa na kundi moja linashuka sana wakati wa kukanyaga na kupanda sana wakati wa kuchaji, hilo limechoka na mengine yatafuata. Lijaribu kwenye mlima likiwa na moto, usikubali jaribio la kuzunguka uwanja. Kigeji cha betri kikiwa kinaruka kutoka juu kwenda chini ndani ya dakika chache ni dalili mbaya.

Halafu tazama feni ya kupoza betri, magari mengi tundu lake liko pembeni ya kiti cha nyuma, ukikuta limejaa vumbi na nywele za mbwa betri imeishi kwenye joto. Ulizia bei ya betri mbadala kabla hujakubaliana bei ya gari, uigeuze lita kama alivyofundisha Hesabu_Kwanza, uiongeze kwenye gharama zako. Muuzaji akikataa usipime kwa mashine, mshukuru uondoke, usianze kubishana naye bei.